Jina la Kwenye Boneti Si Kitambulisho



Wiki iliyopita niliwaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata. Ipo, nimeandika nusu, itakuja. Nimeisimamisha kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu nirudi kutoka Nyandarua, nalo linahusu mashine ya kukata nyasi. Msicheke. Mkifika mwisho mtaona kwamba ni makala ileile ya hifadhidata, ila leo imevaa gambuti.

Shule ya upili niliyosomea ina mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia na kuendesha kama trekta ndogo. Mwanafunzi mmoja wa zamani anayeishi Marekani aliipakia kwenye kontena mwaka 2016 pamoja na vitabu na kompyuta zilizotumika. Ikateremshwa Mombasa, ikapanda lori hadi shuleni. Kabla ya hapo uwanja wetu ulifyekwa na wanafunzi waliochelewa. Mimi nimeufyeka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mashine ilikabidhiwa mzee anayetunza uwanja wa shule. Hapa nitamwita Mzee tu. Ameiendesha miaka yote hiyo, akiimwagia oili mpya kwa wakati na kuiosha kila Ijumaa.

Mwaka jana visu vyake viliisha. Mwalimu mkuu akanipigia simu: "Wewe ni mtu wa kompyuta, tutafutie visu huko mtandaoni." Nikamwuliza mashine ni ya aina gani, akanitumia picha ya boneti. Imeandikwa Craftsman, upana wa kukata inchi 42. Basi nikaandika maneno hayohayo kwenye kisanduku cha kutafutia. Vikatokea visu vilivyoandikwa kuwa vya Craftsman, inchi 42, na kwa picha vinafanana kabisa. Nikalipa, shule ikanirudishia pesa kutoka kwa michango ya wazazi. Kazi ya dakika kumi. Nikajiona shujaa.

Visu vilipofika havikuingia.

Niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Kisu cha mashine hizi hukazwa chini ya shafti inayozunguka. Katikati ya kisu kuna tundu, na katika mashine nyingi za aina hii tundu si duara, lina umbo la nyota. Ncha ya shafti nayo ina umbo la nyota hiyohiyo, ili kisu kisiteleze kikigonga kisiki. Visu nilivyonunua vilikuwa na nyota ya ncha sita. Shafti za mashine ya shule zina nyota ya ncha tano. Urefu ni karibu sawa, mkunjo unafanana, lakini sita haiingii kwenye tano hata upige nyundo.

Bodi ya shule ikakaa. Hoja yao ilikuwa hivi: visu ni vya Craftsman na mashine ni Craftsman, kwa hiyo kama havitoshani, basi mashine si ile tuliyoletewa. Mtu ametoa shafti za asili akaziuza, akaweka nyingine. Na ufunguo wa stoo anao nani? Mzee akaambiwa apumzike nyumbani hadi mambo yaeleweke. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaitwa aje aikadirie mashine kwa kilo.

Mimi sikujua lolote hadi jioni moja simu ikalia. Alikuwa Mzee mwenyewe. Baada ya salamu aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, wewe ndiye ulinunua visu. Hebu niambie, mimi nimeiba nini?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi nikapanda matatu kwenda nyumbani.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Kazi yangu ni kuandika programu. Kila mteja anayetaka mfumo wa duka au wa zahanati humhubiria jambo moja: usimtambue mtu kwa jina lake. Akina Kamau ni wengi, akina Wanjiku ni wengi, na mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Kila kitu kwenye jedwali kipewe nambari yake ambayo hakuna kingine kinaishiriki. Nimeyasema hayo hadi wateja wanayakariri. Halafu mimi mwenyewe, nikiwa na pesa za wazazi mkononi, nikatafuta kipuri kwa jina na picha.

Ubaya zaidi ni kwamba sisi Wakenya tunajua jambo hili vizuri tukiwa kwenye magari. Nenda barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, ingia duka lolote la spea, useme unataka pedi za breki za Corolla. Muuzaji hatainuka kwenye kiti. Atakuuliza, "Corolla gani? Mia moja na kumi au NZE?" Hata kijana wa kubeba mizigo anajua kwamba Corolla ni jina tu, na kwamba NZE121 ni jambo jingine na AE110 ni jambo jingine. Ukitaka sehemu ya injini atakuuliza kama ni 1NZ. Gari lina utambulisho wake, na injini ina wake. Hakuna anayeona hilo kuwa ni ujuaji. Ndiyo njia ya kurudi nyumbani na kitu kinachoingia.

Lakini ikifika mashine ya nyasi, jenereta au pampu ya maji, tunarudi kuulizana rangi. "Ni ile ya kijani." "Ni ile nyekundu ya Wamarekani."

Shuleni niliinua kiti cha mashine. Mashine nyingi za namna hii huwa na bamba au stika ya utambulisho chini ya kiti, kwenye bati la nyuma. Stika ilikuwepo, ila mvua na jua vilikuwa vimeikula. Nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, nikasoma tarakimu za mwanzo: 917, nukta, kisha tarakimu nyingine, halafu mbili za mwisho hazisomeki.

Hizo tatu za mwanzo zilitosha kunitoa jasho. Craftsman lilikuwa jina la biashara la duka kubwa la Marekani, Sears. Sears haikuwa na kiwanda cha mashine hizi. Iliagiza kwa watengenezaji mbalimbali, ikabandika jina lake. Ili wenyewe wasichanganyikiwe, nambari ya modeli ilianza na tarakimu tatu za kumtambulisha mtengenezaji. Mashine zinazoanza na 917 zilitoka kwa kampuni ambayo mwishowe ikawa sehemu ya Husqvarna. Zinazoanza na 247 zilitoka kwa MTD. Boneti moja, jina moja, upana uleule wa inchi 42, lakini ukoo tofauti kabisa. Na visu vya inchi 42 vya ukoo wa MTD vinajulikana kwa nyota ya ncha sita, ilhali vya ukoo wa 917 vina nyota ya ncha tano.

Kwa hiyo hakuna aliyebadilisha shafti. Mashine ilikuwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Mimi ndiye niliyenunua visu vya ukoo mwingine, kisha kosa langu likatafutiwa mwizi.

Zile tarakimu mbili za mwisho je? Mzee alitoa daftari lake la kubadilishia oili. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya wino, nambari nzima ilikuwa imeandikwa tangu wiki ambayo mashine ililetwa. Nikamwuliza kwa nini aliiandika. Akasema pampu ya maji ya shule ilipakwa rangi hadi juu ya bamba lake wakati mgeni wa heshima alipokuwa anakuja, na tangu siku hiyo hakuna fundi aliyewahi kujua ni pampu gani. Hakutaka yampate tena.

Niliwapa bodi maelezo nikiwa na visu vya zamani mkono mmoja na vipya mkono wa pili, na lile daftari katikati ya meza. Mzee alirudi kazini Jumatatu. Sijui kama kuna aliyemwomba radhi rasmi. Mimi nilimwomba.

Ndugu zangu, maoni yangu ni haya, na nayasema nikiwa mkosaji: jina la chapa si kitambulisho cha mashine. Ni tangazo. Linauzwa, linakodishwa, linahama. Tazameni lilivyohama hili la Craftsman. Mwaka 2017 Sears iliiuza chapa hiyo kwa Stanley Black & Decker. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, Sears yenyewe ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Mwaka 2021 Stanley Black & Decker ikainunua MTD yote. Kwa hiyo leo jina Craftsman na kiwanda cha MTD viko chini ya paa moja, na mwenye mashine ya zamani ya 917 akilifuata jina anafikishwa kwenye ukoo usio wake. Akiifuata nambari anafika kwa Husqvarna, ambako spea zake zinatambulika hadi sasa.

Nambari zenyewe pia huhama, lakini zinahama kwa adabu. Kisu kimoja kinachotumika kwenye deki nyingi za inchi 42 za ukoo wa 917 kilikuwa nambari 134149. Vipuri hivyo vilipoingizwa kwenye orodha ya Husqvarna vikaongezewa 532 mbele, kikawa 532134149. Kisu cha MTD cha nyota ya ncha sita kilikuwa 742-0616, baadaye kikaandikwa 942-0616. Mtu asiyejua atadhani ni vitu vinne. Kumbe ni viwili, kila kimoja na jina la zamani na jipya. Sisi wa programu tunajua kazi hiyo: ukihamisha data kutoka mfumo wa zamani, usiufute ufunguo wa zamani, uuelekeze kwenye mpya. Aliyefanya hivyo kwenye visu anastahili chai.

Najua fundi mmoja atasema, "Acha maneno ya kompyuta. Mimi nitapima kwa rula, nitakupatia kinachofanana." Simdharau. Fundi wa jua kali ameokoa mashine nyingi kuliko mimi. Bamba likiwa limepotea kabisa, kupima ndiyo njia iliyobaki: urefu wa kisu kutoka kona hadi kona, upana, umbo la tundu, idadi ya ncha za nyota. Lakini rula hupima umbo, haipimi kilichomo ndani.

Chukua mkanda unaozungusha visu. Fundi atapima urefu na upana, aende kwenye duka la spea za magari, arudi na mkanda wa nusu inchi wenye urefu uleule. Unaingia vizuri. Lakini mkanda wa visu hulegezwa na kukazwa kila unapowasha na kuzima visu, na puli ya kukazia huukunja kinyumenyume kwa mgongo. Ndiyo maana ile ya asili mara nyingi hushonewa ndani nyuzi za aramidi, zile zinazojulikana kwa jina la Kevlar, na kufunikwa kwa kitambaa cha kuhimili msuguano. Mkanda wa kawaida wa gari haukutengenezewa maisha hayo. Utafanya kazi siku chache, utanuka mpira ulioungua, kisha utakatika. Tena ule wa zamani unaoupima umeshalika, kwa hiyo hata kipimo chenyewe si cha kuaminika sana. Wa bei nafuu umeununua mara tatu.

Wengine watasema nambari ni mtego wa wenye viwanda, ili ununue kwao tu kwa bei yao. Mimi naona kinyume. Nambari ndiyo inayokupa uhuru wa kununua kwingine. Wanaotengeneza vipuri mbadala huandika wazi: kinachukua nafasi ya nambari fulani. Asiye na nambari hana la kulinganisha, anabaki kumwamini muuzaji mwenye mdomo mtamu.

Basi tufanyeje? Nawapa niliyojifunza, kwa ufupi.

Kwanza, tafuta bamba la mashine yenyewe: chini ya kiti, kwenye bati la nyuma, au kwenye fremu. Tafuta nambari ya modeli na nambari yake ya mfululizo, ile inayoitwa siriali. Ni vitu viwili. Modeli ni kama toleo la kitabu. Siriali ni kama mhuri wa maktaba kwenye nakala moja. Usiidharau siriali. Kuna watengenezaji, John Deere wakiwemo, ambao orodha zao hukuambia kwamba hadi siriali fulani kilitumika kipuri hiki, na kuanzia hapo kikatumika kile.

Pili, injini ina utambulisho wake tofauti. Filta ya oili, plagi, kabureta, vyote hivyo ni mali ya injini, na mara nyingi aliyeunda injini siye aliyeunda mashine. Ya shule ni Briggs & Stratton, kampuni ya Wisconsin iliyoanza mwaka 1908. Kwenye injini zao tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye bati la feni au kwenye kifuniko cha valvu. Kuna makundi matatu: modeli, aina na kodi. Yaandike yote matatu. Modeli peke yake inasema mengi. Kwa mfano 31C707, ile 31 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, takriban sisi 500. Kodi nayo huanza na tarehe ya kuundwa: mwaka, mwezi, siku. Ikianza 020314, injini hiyo iliundwa tarehe 14 Machi 2002. Nguvu za farasi zilizoandikwa kwa mbwembwe kwenye boneti hazikusaidii kupata hata nati.

Tatu, nakili kila herufi na kila tarakimu, pamoja na nukta na mstari. Sifuri si herufi O. Ukiweza piga picha, na pia uandike kwa mkono, kwa sababu simu huibwa na picha hufutika.

Nne, ukipata mchoro wa vipuri wa modeli yako, chunga kosa ambalo limewaumiza wengi. Kwenye mchoro kila kitu kina nambari ndogo pembeni, tuseme 12. Hiyo 12 si nambari ya kipuri. Ni ya kukuelekeza kwenye orodha iliyo chini, na hapo ndipo utapata nambari yenyewe ya kuagizia. Sisi tungesema ni kiashiria, si thamani.

Tano, kabla ya kulipa, uliza kama nambari hiyo imebadilishwa na mpya. Kisha linganisha picha na kitu ulicho nacho mkononi. Picha ije mwisho, kama shahidi. Mimi niliifanya hakimu.

Nina neno pia kwa watengenezaji, ingawa najua hawanisomi. Stika ya karatasi chini ya kiti cha mashine inayokaa nje kwenye mvua ni mzaha. Mashine hizi haziishi miaka mitano zikatupwa. Zikichokwa huko zinavuka bahari na kuanza maisha ya pili kwetu, na hapo ndipo nambari inahitajika zaidi. Gongeni nambari kwenye chuma. Hakuna mashine ambayo bei yake itaharibiwa na tarakimu kumi na mbili zilizogongwa kwa nyundo.

Lakini neno kubwa ni kwetu wenyewe. Shule, makanisa, hospitali, hoteli, vyama vya maji: kila mashine inapoletwa tunapiga picha ya kukata utepe, mgeni wa heshima amesimama mbele, bamba liko nyuma ya suti yake. Kisha tunapaka rangi juu ya kila kitu. Mashine ikiharibika tunatafuta mtu wa kulaumu, na kwa kawaida anapatikana yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Daftari la shilingi hamsini lingemwokoa. Kwa Mzee wetu lilimwokoa, tena ni yeye aliyelinunua.

Kwa hiyo ombi langu leo si kubwa. Kabla ya kulala, nenda kwa mashine yoyote unayoitegemea, iwe jenereta, pampu, cherehani au ya nyasi. Tafuta bamba, futa vumbi, andika nambari. Andika mahali ambapo mtu mwingine ataiona siku ambayo wewe haupo.

Mashine ya shule imeshapata visu vyake vya ncha tano. Nilivilipia mimi, na safari hii sikurudishiwa pesa, ilikuwa haki. Vile vya ncha sita ninavyo hapa mezani kando ya kompyuta. Nikianza kuandika programu inayotafuta watu kwa majina, navitazama.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Nadhani sasa sehemu ya kwanza imeeleweka.